ABS Inapozimika Uwanjani: Historia ya Breki na Mguu wa Dereva wa Mbio

Gurudumu likijifunga wakati gari liko kasini, tairi huacha kuviringika na kuanza kuburuzwa juu ya lami. Hapo mambo mawili huharibika kwa pamoja: umbali wa kusimama huongezeka, na usukani hupoteza kazi yake, kwa kuwa tairi lisilozunguka haliwezi kulivuta gari kulia wala kushoto hata dereva akikata kona kwa nguvu zake zote. Mpira hushika lami vizuri zaidi pale gurudumu linapozunguka polepole kidogo kuliko mwendo wa gari lenyewe, kwa tofauti ya kama asilimia 10 hadi 20. Kulibakiza gurudumu katika nafasi hiyo finyu ni kazi ngumu kuliko karibu zote katika udereva wa mbio, na kwa miongo mingi ilifanywa na mguu wa mtu bila msaada wowote.

ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge wakati wa breki, ulibuniwa ili kuupokea mguu kazi hiyo. Katika viwanja vya mbio mfumo huu umeingia, ukafukuzwa, kisha ukarudi. Swali la nini kifanyike unapozimika katikati ya mashindano limekuwa likibadilika pamoja na historia hiyo, kwa sababu dereva aliyezoea kufunga breki kwa mguu wake na yule aliyelelewa na mashine hawapatwi na hatari ya namna moja.

Chimbuko la mfumo huu ni uwanja wa ndege. Mfaransa Gabriel Voisin, mtengenezaji wa ndege na magari, alifanya majaribio ya kupunguza shinikizo la breki za ndege katika miaka ya 1920. Mwaka 1936 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilipata hataza ya kifaa cha kuzuia magurudumu ya gari yasijifunge, lakini vifaa vya wakati huo vilikuwa vizito na vya polepole mno kwa barabara. Kilichofanikiwa kweli ni Maxaret, kifaa cha kampuni ya Dunlop ya Uingereza cha mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ndani yake mlikuwa na gurudumu zito dogo lililozungushwa na gurudumu la ndege. Tairi likianza kukwama ghafla, lile gurudumu dogo liliendelea kuzunguka kwa uzito wake, na tofauti hiyo ya mwendo ikafungua valvu iliyotoa shinikizo la breki. Tairi likipata tena mwendo, valvu ilijifunga na breki ikarudi. Hakukuwa na umeme wala kompyuta, ila chuma na mafuta tu. Rubani aliweza kukanyaga breki kikamilifu kwenye njia iliyolowa, ndege ikasimama mapema na matairi yasipasuke.

Dunlop hiyo hiyo ndiyo iliyobadilisha breki za magari ya mbio. Kwenye mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1953, Waingereza Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda wakiwa na Jaguar C-Type iliyofungwa breki za diski za Dunlop, kwa wastani uliopita kilomita 160 kwa saa. Washindani wao wengi walitumia breki za ngoma, ambazo zilipopata joto zililegea na kumlazimisha dereva aanze kupunguza mwendo mbali na kona. Diski zilivumilia joto, hivyo Jaguar ziliweza kuchelewa kufunga breki mzunguko baada ya mzunguko, mchana na usiku. Lakini diski zilitatua tatizo la joto peke yake. Gurudumu liliendelea kujifunga kama zamani, na aliyelizuia ni dereva.

Rolt anastahili kutajwa kwa sababu nyingine pia. Baada ya kuacha mbio alifanya kazi na kampuni ya utafiti ya Harry Ferguson, iliyotaka gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne na lisilojifunga breki. Matunda yake yalionekana mwaka 1966 katika Jensen FF, gari la kwanza la barabarani la kawaida kuuzwa likiwa na mambo hayo mawili kwa pamoja, na kifaa chake cha breki kilikuwa Maxaret ile ile ya ndege, iliyorekebishwa. Yalitengenezwa magari 320 tu. Nchini Marekani Ford ilianza mwaka 1969 kwa mfumo wa magurudumu ya nyuma pekee katika Lincoln Continental Mark III, na mwaka 1971 Chrysler ikatoa Imperial yenye mfumo wa magurudumu yote manne uliotengenezwa na Bendix. Mifumo hiyo ilikuwa ghali, na haikuenea.

Mabadiliko makubwa yalitoka Ujerumani. Mwaka 1970 Daimler-Benz iliwaonyesha waandishi wa habari mfumo wake wa kwanza wa kielektroniki katika uwanja wake wa majaribio huko Untertürkheim, lakini elektroniki za enzi hizo hazikustahimili mtikisiko na joto la gari. Ilibidi kusubiri saketi za kidijitali. Vipuri vya kitengo cha udhibiti vikapungua kutoka kama 1,000 hadi 140, na mwaka 1978 Mercedes-Benz S-Class likaanza kuuzwa na ABS ya Bosch kama kifaa cha hiari. BMW ilifuata muda mfupi baadaye. Kanuni yake ndiyo inayotumika hadi leo. Kila gurudumu lina pete yenye meno na kihisi kinachosoma mwendo wake. Kompyuta hulinganisha magurudumu, na linalopunguza mwendo ghafla kupita kiasi hufunguliwa breki, kisha hufungwa tena, mara kumi hivi au zaidi katika sekunde moja. Mtetemo anaousikia dereva kwenye pedali ni valvu na pampu zikifanya kazi hiyo.

Watu wa mbio hawakuupokea mfumo huu kwa furaha. Kitengo cha kwanza cha Bosch kilikuwa na uzito wa kilo 6.3, na katika gari la mbio kila gramu huhesabiwa. Zaidi ya hapo, kilipangwa kwa ajili ya matairi ya barabarani na dereva wa kawaida aliyeshtuka, si kwa matairi laini yasiyo na nakshi yanayoshika lami kwa nguvu kubwa zaidi kwenye kila mzunguko. Dereva bora wa miaka ya 1980 aliweza kuishinda ABS ya barabarani kwa mguu wake kwenye lami kavu, na alijua hivyo.

Hali iligeuka mwanzoni mwa miaka ya 1990, kompyuta zilipopata kasi ya kutosha. Katika mashindano ya magari ya Ujerumani, DTM, ABS ikawa sehemu ya silaha za timu kubwa. Alfa Romeo 155 V6 TI ambayo Nicola Larini aliitumia kutwaa ubingwa wa mwaka 1993 ilikuwa nayo, pamoja na mfumo wa magurudumu manne. Mwaka huo huo Williams FW15C ilitawala Formula 1. Ilikuwa na ABS, udhibiti wa mzunguko wa magurudumu na springi zinazoendeshwa na kompyuta. Alain Prost akawa bingwa wa dunia kwa gari hilo, na pamoja na mwenzake Damon Hill walishinda mashindano 10 kati ya 16.

Ushindi huo ndio ulioifukuza ABS. Kuanzia msimu wa 1994 shirikisho la FIA lilipiga marufuku vifaa vyote vya kumsaidia dereva katika Formula 1, ABS ikiwamo, kwa msingi kwamba dereva lazima aliendeshe gari peke yake. Marufuku ya ABS ingali inatumika. Upande wa DTM gharama za teknolojia zilipanda hadi mashindano yenyewe yakafa mwishoni mwa 1996. Yalipofufuliwa mwaka 2000, ABS haikuruhusiwa. Hukumu ya FIA ilikuwa ya haki. Kwenye mbio za kiwango cha juu, uwezo wa kufunga breki ni sehemu ya kipaji kinachoshindaniwa, na mashine inayowasawazisha madereva wote katika jambo hilo inaondoa nusu ya mchezo.

Mlango mwingine ulikuwa wazi, hata hivyo. Mwaka 2006 lilianzishwa daraja la GT3, lililowalenga watu wenye fedha zao wanaopenda mbio lakini hawakukulia humo. Kwao ABS iliruhusiwa, na sababu ilikuwa nzuri: mwanabiashara wa miaka 50 katika gari la nguvu za farasi 500 hapaswi kumgonga mwenzake kila kona. Bosch ikatengeneza ABS mahususi ya mbio, yenye swichi ya kuzungusha karibu na usukani. Dereva huchagua kiwango cha uingiliaji kulingana na mvua, ukavu au uchakavu wa matairi, na anaweza pia kuuzima mfumo kabisa. GT3 ilienea dunia nzima. DTM yenyewe ilihamia magari hayo mwaka 2021, na mwaka 2024 daraja la LMGT3 likachukua nafasi ya GTE katika mashindano ya dunia ya masafa marefu, Le Mans ikiwa mojawapo. GTE hazikuwa na ABS, LMGT3 zinayo. Barabarani nako watengenezaji wa Ulaya walikubaliana kuiweka katika magari mapya yote ya abiria kuanzia Julai 2004. Kizazi kizima cha watu wanaopeleka magari yao viwanjani siku za wazi hakijawahi kuendesha gari lisilo nayo.

Kwa hiyo hitilafu ya ABS, ambayo mwaka 1993 ilikuwa tatizo la wataalamu wachache, leo inaweza kumpata mtu yeyote uwanjani. Nayo huja kwa sura zaidi ya moja.

Iliyo rahisi ni mfumo kuzimika wenyewe. Kihisi kimekatika waya, pete ya meno imepasuka, bereingi ya gurudumu imepata mchezo kiasi cha kuvuruga usomaji, au chembe za chuma na vumbi la pedi za breki zimejaa kwenye kihisi. Kompyuta ikiona taarifa zisizoeleweka hujitoa na kuwasha taa ya njano kwenye dashibodi. Breki za mafuta hubaki zikifanya kazi kikamilifu, ila bila mlinzi. Watu wengi husahau jambo moja hapa. Katika magari mengi ya kisasa ya barabarani, kompyuta hiyo hiyo ndiyo inayogawanya nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma. Nayo ikipotea, mara nyingi taa nyekundu ya breki huwaka pamoja na ile ya njano, na magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga kabla ya yale ya mbele. Gari lililojifunga mbele huenda moja kwa moja. Lililojifunga nyuma huzunguka. Ndiyo maana desturi ya baadhi ya madereva kuchomoa fyuzi ya ABS kabla ya kuingia uwanjani, wakidhani wanarudi kwenye breki za zamani, ni ya hatari. Magari ya zamani yalikuwa na valvu ya kupunguza shinikizo la nyuma. Mengi ya sasa hayana.

Sura ya pili ni mfumo unaofanya kazi kwa taarifa za uongo. Kihisi kinapokatika kwa sehemu, au matairi ya vipimo visivyolingana yanapofungwa mbele na nyuma, kompyuta huona gurudumu linajifunga wakati liko salama. Pedali hutetemeka kwenye kona ambayo haikustahili, na gari huchelewa kupunguza mwendo kidogo kila mara. Hakuna taa inayowaka.

Ya tatu ndiyo inayoogopwa zaidi, na madereva wa viwanjani huiita hali ya barafu. Pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na gari halisimami. Hutokea hasa pale mguu unapoipiga breki ghafla kwa nguvu zote, pedi zikiwa kali na matairi yakishika sana, au gurudumu moja linaporuka juu ya mwinuko wa lami wakati wa kufunga breki. Magurudumu hupunguza mwendo kwa namna ambayo kompyuta ya barabarani haikuandaliwa kuiona kwenye lami kavu. Inahitimisha kwamba gari liko juu ya barafu, na inabana shinikizo lisipande. Kwa akili yake imefanya sawa. Barabara tu ndiyo si ile iliyofundishwa. Mwanadamu aliyeshtuka huzidi kukanyaga, na kukanyaga huko hakuongezi chochote.

Ukubwa wa hatari unaonekana vizuri mahali kama Monza. Gari la GT3 hufika mwisho wa njia nyoofu ya mbele kwa zaidi ya kilomita 250 kwa saa, na kona ya kwanza pale ni mchepuko mwembamba wa kulia kisha kushoto unaopitiwa kwa gia ya chini. Kwa kasi ya 250, gari hutembea karibu mita 69 katika sekunde moja. Nusu sekunde ya kushangaa pedali ngumu ni mita 35 zilizokwisha kupotea, na sehemu yote ya kufungia breki haifiki mita 200.

Dawa ya hali ya barafu inapingana na silika: kuinua mguu. Dereva huachia pedali kwa kitambo kifupi kabisa ili kompyuta isome magurudumu yakizunguka huru, kisha hukanyaga tena, safari hii akiongeza nguvu hatua kwa hatua. Kinga yake ni hiyo hiyo. Mguu unaobana breki kwa haraka lakini bila kuipiga hulipa gari muda wa kuegemea mbele, matairi ya mbele yakapata uzito kabla ya shinikizo kufika kilele, na kompyuta haioni cha kuitisha.

Mfumo ukizimika kabisa, kazi inarudi kwa mguu, na njia ni ile ya madereva wa miaka ya 1950. Breki hufungwa mapema zaidi, gari likiwa limenyooka, nguvu kubwa ikiwekwa mwanzoni wakati kasi ingali juu na kupunguzwa kadiri mwendo unavyoshuka. Katika magari ya mbio yenye mabawa hili ni la lazima, kwa kuwa hewa inayoyakandamiza chini hupungua pamoja na kasi. Nguvu ambayo tairi liliibeba kwenye kilomita 240 italifunga kwenye 120. Sikio na usukani ndivyo vinavyotoa taarifa. Tairi lililo karibu kujifunga hulia, na usukani huwa mwepesi ghafla mikononi. Hapo mguu huachia kidogo tu, si wote, kisha hurudi. Desturi ya kuingia kwenye kona huku breki ingali imebanwa, ambayo ABS huisamehe, inawekwa kando, kwa sababu tairi linalofunga breki na kukata kona kwa wakati mmoja hujifunga upesi zaidi, hasa la ndani lisilobeba uzito.

Gari la GT3 lina msaada mmoja ambao la barabarani halina: silinda kuu mbili za breki, moja ya mbele na moja ya nyuma, na kitasa cha kurekebisha mgawanyo kati yao. ABS ikipotea, dereva huusogeza mgawanyo kuelekea mbele ili nyuma isitangulie kujifunga. Huwaambia mafundi kwa redio, na mara nyingine mfumo huzimwa na kuwashwa upya kwenye njia nyoofu, hitilafu ikaondoka. Isipoondoka, uamuzi unabaki kati ya kuendelea polepole na kurudi kwa mafundi. Hata akiendelea, tairi moja likiburuzwa vya kutosha hupata bapa, gari hutetemeka hadi dereva asione vizuri, na tairi hilo litaendelea kujifunga mahali pale pale palipochubuka. Kuna pia wale wa nyuma. ABS zao ni nzima, wanafunga breki mita nyingi baadaye, na hawajui kwamba aliye mbele yao atapunguza mwendo mapema. Aliyepata hitilafu kwenye siku ya wazi anatakiwa aondoke kwenye mstari wa mbio, atoe ishara, na aingie kwa mafundi mzunguko ule ule.

Kosa likishatokea na gari linatoka nje ya lami, breki iliyojifunga huachiwa ili usukani ufanye kazi, magurudumu yakinyooshwa kabla ya kuingia kwenye kokoto. Gari linaloingia kokotoni kwa upande linaweza kupinduka. Kokoto zenyewe zina kanuni tofauti: gurudumu lililojifunga hujirundikia kokoto mbele yake na kusimama mapema kuliko linalozunguka. Nayo magari ya mbio za dunia za rali, yakiwamo yanayokimbia Safari Rally kwenye vumbi na mawe ya Naivasha, hayatumii ABS kabisa.

Si kila pedali mbaya ni kosa la ABS, na fundi asiyetenganisha mambo hupoteza siku nzima akibadilisha vihisi. Pedali inayozama ni dalili ya mafuta ya breki yaliyochemka. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakinyonya unyevu kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi 155, na mizunguko michache ya uwanja inatosha kufika hapo. Hewa nayo hujificha ndani ya kitengo cha ABS wakati wa kubadilisha mafuta, na katika magari mengi haitoki mpaka valvu zifunguliwe kwa kompyuta ya fundi.

Madereva wa kulipwa wengi hupitia gokati, kisha Formula 4 na Formula 3, na magari hayo hayana ABS. Wanapofika GT3 mguu wao umekwisha kufundwa. Wanaoingia GT3 moja kwa moja hawajapitia shule hiyo, na kanuni hazidai waipitie. Zingepaswa kudai. Msimu mmoja katika gari lisilo na ABS, kabla ya leseni ya kukimbia na gari lenye nayo, ungekuwa sharti la busara kwa kila mwandaaji wa mashindano.